Farasi Anayevuta Hewa, Ng'ombe Anayezungusha Ulimi

Omurushaka hakuna farasi. Nalisema hili mapema ili msomaji anayetoka kwetu asinicheke kabla ya kufika aya ya pili. Pale njia panda, inapochomoka barabara ya Nkwenda na Murongo, utakutana na bodaboda, Fuso zilizosheheni ndizi, mbuzi wa kamba, na ng'ombe wenye pembe ndefu wanaovuka taratibu huku madereva wakipiga honi. Farasi, hapana. Wengi wetu tumemwona kwenye televisheni tu. Sababu zinajulikana: mbung'o, anayeambukiza nagana, na usubi, anayeeneza tauni ya farasi ya Kiafrika, ugonjwa unaoweza kumuua farasi ndani ya siku chache. Speke na Grant walipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861 walikuja kwa miguu, na utajiri walioukuta pale ulikuwa ng'ombe.

Hata hivyo makala hii inahusu farasi, angalau nusu yake. Inahusu tabia moja ambayo wafugaji wa farasi wameihangaikia kwa karne nyingi, na ambayo, nikishaieleza, mtu wa Omurushaka ataitambua kwenye banda la jirani yake. Nimeisoma kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mimi nasomea ualimu, na swali la "kwa nini huyu anarudiarudia jambo ambalo halimpi chochote" ni swali letu kila siku. Ya pili ni ng'ombe wa mama mdogo. Huyo nitamfikia.

Tuanze na farasi. Amesimama bandani peke yake. Anakamata ukingo wa hori, au ubao wa mlango, kwa meno yake ya mbele. Anakunja shingo, misuli ya chini ya shingo inakakamaa, koo linavutwa nyuma, kisha unasikia mlio mfupi, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Anaachia. Sekunde chache baadaye anarudia. Anaweza kufanya hivyo mara mamia kwa siku. Wapo wengine ambao hata ubao hawauhitaji: wanakunja shingo tu na kuvuta hewa wakiwa wamesimama katikati ya banda. Wafugaji huwatenga, huyu mng'ata hori, yule mvuta hewa, lakini kinachotokea kooni ni kile kile, kwa hiyo humu nitasema "kuvuta hewa" kwa wote wawili.

Hata jina lenyewe lina walakini. Watu waliamini kwa muda mrefu kwamba farasi anaimeza ile hewa mpaka tumboni, anajaa kama puto, ndiyo maana baadaye anaumwa tumbo. Mwaka 1995 Paul McGreevy na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapiga farasi hawa picha za eksirei wakati wakiwa kwenye shughuli yenyewe. Kumbe hewa inaingia sehemu ya juu ya umio, halafu nyingi inarudi kooni ilikotoka. Inayofika tumboni ni kidogo. Yaani karne zote hizo watu walikuwa wanatibu puto ambalo halikuwapo.

Hii haina maana kwamba tabia haina madhara. Meno ya mbele yanalika hadi umri wa farasi haukadiriki vizuri kwa kuyatazama. Mbao za banda zinaliwa. Na upo msokoto mmoja wa tumbo, ambapo kipande cha utumbo mwembamba kinapenya kwenye tundu dogo lililo karibu na ini na kunasa humo, ambao huonekana zaidi kwa farasi wenye tabia hii. Huo bila upasuaji wa haraka unaua. Kwa hiyo mwenye farasi ana haki ya kuwa na wasiwasi. Lililonishangaza ni namna wasiwasi huo ulivyogeuzwa kuwa vita dhidi ya mdomo wa mnyama.

Kuna mkanda wa ngozi unaobanwa shingoni ili akikunja shingo aumie. Kuna mkanda huo huo ulioongezewa chuma. Wapo waliopaka mbao vitu vichungu na vikali, na wapo walioweka waya wa umeme juu ya mlango. Mwaka 1926 daktari wa mifugo wa Sweden, Forssell, alieleza upasuaji wa kukata na kuondoa misuli ya shingo inayofanya kazi hiyo, na aina za upasuaji zilizotokana na wake zinafanyika hadi leo. Sitaki kumhukumu mtu aliyeishi miaka mia moja iliyopita. Ila tuone mantiki yake: mnyama anafanya jambo kwa shingo, basi tuondoe shingo ya kufanyia.

Swali ambalo lilichelewa kuulizwa ni hili: farasi asiye bandani anafanya hivyo? Jibu ni kwamba tabia hii haijaripotiwa kwa farasi wanaoishi huru kwenye nyika. Ni ya wale wanaofugwa, na hata kati yao ni wachache, kwa kawaida chini ya 10 katika kila 100. Basi si jambo la farasi kama farasi. Ni jambo la farasi na banda.

Ili kuelewa banda linamfanyia nini, inabidi kuangalia mdomo na tumbo. Farasi ameumbwa kula kidogokidogo muda mrefu. Akiwa malishoni hula hata saa 16 kati ya 24. Mfuko wake wa tumbo ni mdogo ukilinganisha na mwili, lita 8 hadi 15 tu, na unatoa asidi muda wote, awe anakula au hali. Sisi binadamu hata tukifikiria pilau tu mate yanatoka. Farasi si hivyo: mate yake hutoka anapotafuna. Na mate ndiyo yanayoipunguza ile asidi makali. Kwa hiyo farasi anayetafuna nyasi mchana kutwa anajitengenezea dawa ya tumbo mwenyewe, bila kujua.

Sasa mweke bandani. Mpe nafaka asubuhi na jioni, chakula chenye nguvu nyingi kinachoisha dakika chache. Amepata nguvu zote anazohitaji, pengine kuzidi. Lakini mdomo umefanya kazi kwa muda mfupi sana, mate yametoka kidogo, na asidi inaendelea kumwagika kwenye tumbo lililo tupu. Zimebaki saa nyingi za kusimama na kuangalia ukuta. Ukimuuliza mwenye farasi kama mnyama ana njaa, atasema hapana, ameshiba, na kwa hesabu ya virutubisho anasema kweli. Mdomo ndio haujashiba.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia farasi wadogo 225 kwa miaka minne kuona nani ataanza tabia hizi na lini. Walioanza kung'ata hori walikuwa kama mmoja katika kila kumi, na umri wa kati wa kuanza ulikuwa wiki 20. Wiki 20! Huyo ni mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa la mama yake juzi. Na waliopewa vyakula vya nafaka baada ya kuachishwa walikuwa na kasi ya kuanza tabia mara nne ya wale ambao hawakupewa. Mwaka huo huo Christine Nicol wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzake walichungulia matumbo ya watoto wa farasi kwa kamera. Wale wanaovuta hewa walikutwa na tumbo lenye vidonda na uvimbe zaidi kuliko wenzao, na walipopewa chakula chenye kitu cha kupunguza asidi, tumbo liliendelea vizuri.

Ukiunganisha hayo, picha inabadilika. Inawezekana kabisa farasi yule anajaribu kufanya kazi ya kutafuna bila kitu cha kutafuna. Sikusema "anajua anachofanya". Nimesema mwili wake umepata njia.

Hapa ndipo somo letu la saikolojia ya elimu linapoingia. Wote tuliokaa kwenye ile lekcha ya Skinner tunakumbuka: tabia inayopata zawadi hurudiwa, isiyopata zawadi hufifia. Ni rahisi, na kwenye UE inakupa maksi. Lakini farasi anayevuta hewa hapewi chochote na mtu. Anapigwa, anafungwa mkanda, anapakiwa pilipili, na bado anarudia mara mamia. Zawadi iko wapi? Mwaka 1987 Nicholas Dodman na wenzake, Marekani, waliwapa farasi hawa dawa zinazozuia kazi ya kemikali za mwilini zinazofanana na afyuni, zile ambazo mwili hujitengenezea ili kutuliza maumivu na kuleta nafuu. Dawa ilipokuwa ikifanya kazi, kuvuta hewa kulisimama. Hilo linaashiria kwamba zawadi iko ndani ya farasi mwenyewe. Mwalimu haioni, kwa hiyo anadhani haipo.

Na ukimzuia? McGreevy na Nicol walilijaribu hilo pia, wakachapisha mwaka 1998. Farasi waliozuiwa kwa muda mfupi, walipoachiwa, walivuta hewa zaidi kuliko kabla ya kuzuiwa. Wale waliowahi kunyang'anywa simu na mzazi kipindi cha mtihani wataelewa bila maelezo. Kitu kinachopungua kwa sababu haja imekwisha hakirudi kwa kishindo namna hiyo. Kinachorudi kwa kishindo ni kile ambacho haja yake ilikuwa inajikusanya wakati wote mlango ulipofungwa.

Imani moja zaidi niitaje kwa sababu nayo ina sura ya shuleni. Wenye farasi wengi wanaamini tabia hii inaambukiza kwa kuigana: farasi mmoja akiwa nayo, banda zima litaharibika, kwa hiyo atengwe. Ushahidi wa kuigana ni dhaifu sana. Farasi wawili wa banda moja wakianza tabia moja, wanakula ratiba moja na kusimama kwenye kuta zinazofanana, na hilo linatosha kueleza. Tena kumtenga farasi, mnyama anayeishi kwa makundi, ni kumwongezea sababu.

Basi, turudi kwetu. Kanuni niliyoipata kwenye hayo yote ni kwamba mnyama hurudiarudia tendo lile lile aliloumbiwa kulia chakula na akanyimwa nafasi ya kulifanya. Farasi hukata nyasi kwa meno, kwa hiyo anashika ubao kwa meno. Twiga hukunja ulimi kwenye matawi ya migunga. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2001 kwenye bustani za wanyama ulikuta karibu wanane kati ya kumi wa twiga na okapi walikuwa na tabia fulani ya kujirudia, na kubwa kuliko zote ilikuwa kulamba vitu visivyo chakula: kuta, vyuma, nyavu. Mnyama wetu wa taifa, ughaibuni, analamba senyenge.

Na ng'ombe? Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Analishika jani kwa ulimi, anauzungusha, anavuta. Ulimi kwake ni mkono. Kwa hiyo ng'ombe aliyenyimwa kazi hiyo hutoa ulimi nje, huuzungusha hewani, huukunja ndani ya mdomo, huutoa tena, na kuendelea hivyo kwa dakika nyingi huku macho yameganda. Sidhani kama kuna mtu wa Karagwe au Kyerwa mwenye ng'ombe wa ndani ambaye hajawahi kuona hali hiyo, japo pengine hakuipa jina.

Likizo iliyopita mama mdogo aliniita bandani. "Mwalimu, hebu njoo umwone huyu ana nini." (Tangu nichaguliwe kozi ya elimu pale nyumbani sina jina lingine.) Ng'ombe wake ni chotara wa maziwa, anakaa kwenye banda la mabanzi nyuma ya kibanja, na alikuwa amesimama anazungusha ulimi kama anayepiga mswaki bila mswaki. Maoni yalikuwa yameshatolewa na kila aliyepita. Mmoja alisema amerogwa. Mwingine alisema ni kichaa, auzwe machinjioni kabla hajafa. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa na mfugaji wa siku nyingi, alishauri afungwe kamba mdomoni wakati asiokula, "atasahau." Ukiondoa umbali wa maelfu ya kilomita, ndio mkanda wa shingoni wa farasi.

Suala la kuuza halikuwa mzaha. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo ada, sabuni na chumvi. Samadi yake ndiyo inayolisha migomba, na anayejua kibanja anajua migomba isiyopata samadi inavyokonda mwaka hadi mwaka. Wengi kwetu walipata ng'ombe wa aina hii kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, akizaa jike unamlea na kumpa mwenzako anayefuata. Kumuuza ng'ombe wa namna hiyo kwa sababu ya ulimi ni kuvunja mnyororo wa kaya kadhaa.

Jambo la kwanza nililomwambia mama mdogo halikuwa la saikolojia. Nilimwomba tumwite afisa mifugo. Ng'ombe anayechezesha mdomo anaweza kuwa mgonjwa kweli. Akitoa mate mengi yenye povu, akiwa na malengelenge mdomoni au kwato zinamuuma, huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Ulimi ukiwa mgumu na umevimba, ni maambukizi. Akishindwa kumeza, sauti ikibadilika, akawa mkali ghafla, fikiria kichaa cha mbwa na usimtie mkono mdomoni kwa hali yoyote. Makala ya mwanafunzi haimpimi ng'ombe. Afisa alikuja, akamtazama, hakukuta homa wala kidonda. Anakula, anacheua, anatoa maziwa. Ulimi tu.

Hapo ndipo utafiti unasaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ingrid Redbo, Sweden, aliwachunguza mitamba waliofungwa bandani wakati wa baridi na kutolewa malishoni wakati wa joto. Waliokuwa wakizungusha ulimi kwenye minyororo waliacha walipokuwa malishoni, na tabia ikarudi walipofungwa tena. Ng'ombe ni yule yule, ulimi ni ule ule. Redbo aliona pia kwamba chakula kikipunguzwa, tabia inaongezeka.

Utafiti mwingine, wa Wiepkema wa Uholanzi, uliotoka mwaka 1987, umenikaa kichwani zaidi. Aliangalia ndama waliofugwa kwenye vizimba vyembamba kwa maziwa matupu, kisha matumbo yao yakachunguzwa baada ya kuchinjwa. Ndama waliokuwa na tabia ya kuzungusha ulimi hawakuwa na vidonda kwenye tumbo la nne. Wale waliosimama kimya, ambao mfugaji yeyote angewaita wenye nidhamu, ndio waliokutwa na vidonda au makovu. Msomaji makini ataniuliza: mbona kwa farasi wenye tabia ndio wenye vidonda, na kwa ndama ni kinyume? Ni swali la haki. Mimi naona hayapingani. Katika yote mawili tabia inaonekana kuwa jibu la mwili kwa shida. Kwa ndama jibu lile huenda lilitosha kumkinga, kwa farasi halikutosha, au lilianza tumbo likiwa limeshaumia. Ila kwa vyovyote vile, yule mkimya si lazima awe mzima.

Nilikaa na daftari karibu na banda siku kadhaa. Sikugundua jambo ambalo Wasweden hawakulijua, lakini nililiona kwa macho yangu. Ulimi ulianza kuzunguka pale tu hori lilipokuwa tupu. Majani yalikuwa yanakatwakatwa kwa panga vipande vifupi, mabingobingo na vipande vya mgomba, kama tulivyofundishwa na mabwana mifugo, na ni ushauri mzuri kwa sababu unapunguza upotevu. Lakini jani lililokatwa hivyo halina cha kuvutwa. Ng'ombe analizoa tu. Anamaliza mapema, anacheua, halafu zinabaki saa za kusubiri mpaka mtoto arudi shule na mzigo wa pili. Nayo ilikuwa Julai, kiangazi, majani ya karibu yamekwisha na mzigo wenyewe umekuwa mdogo.

Nisieleweke vibaya hapa. Sisemi watu wa Omurushaka wawaachie ng'ombe barabarani. Ng'ombe wa ndani alikuja kwa sababu. Ardhi imebanwa, kupe wanaleta ndigana kali inayomaliza ng'ombe wa kisasa upesi, na samadi inakusanyika mahali pamoja badala ya kupotea porini. Anayewaambia wafugaji wadogo "fungulieni ng'ombe" hajawahi kuhesabu hekari zao. Kile kinachoweza kubadilika ni saa za mdomo.

Tulichofanya ni vitu vidogo. Mzigo ule ule wa siku uligawanywa mara nne badala ya mbili, na sehemu kubwa ikaachwa ya usiku, kwa sababu usiku ni mrefu na hakuna anayemwona ng'ombe anafanya nini. Sehemu ya mabingobingo haikukatwa kabisa. Ilifungwa kama fagio na kuning'inizwa kwenye nguzo ili avute kwa ulimi jani moja moja. Yanapotea machache chini, nayo huishia kwenye samadi, hayatupwi. Majani makavu ya mahindi yaliyokuwa yanachomwa shambani yaliletwa bandani. Hayana nguvu sana mwilini, lakini yanatafunwa muda mrefu, na ndicho tulichokitaka. Jiwe la chumvi likawekwa, na ndoo ya maji ikaacha kuwa ya kusubiri mtu akumbuke. Upande mmoja wa banda ulisogezwa nje hatua chache, apate pa kugeukia. Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa kumshawishi mdogo wangu aamke kabla ya adhana kumwekea majani.

Tabia imepungua, haijakwisha. Mama mdogo alinipigia simu nikiwa nimeshafungua chuo, akanipa ripoti kama mkaguzi: asubuhi hafanyi tena, jioni akisikia panga linanolewa anazungusha ulimi. Nilimweleza kwamba kwa farasi pia ndivyo ilivyo. Farasi wa miaka mingi aliyeanza akiwa mdogo anaweza kuhamishiwa kwenye malisho mazuri kabisa, na bado ukamkuta kwenye nguzo ya uzio anavuta hewa. Njia ikishachongeka kwenye ubongo haifutwi na majani ya wiki mbili. Kwa hiyo ukimwona mnyama anafanya hivyo leo usimhukumu mwenye banda la leo. Huenda unaangalia kovu la miaka mitano iliyopita, la mahali pengine.

Nina tahadhari na mfano ninaokaribia kuutoa, kwa kuwa watoto si mifugo na sipendi makala zinazowafananisha. Lakini wenzangu tunaojiandaa kwenda BTP tutakutana na mtoto anayetikisa mguu mpaka dawati linalia, anayetafuna kalamu, anayejibembeleza mbele na nyuma tangu kipindi cha kwanza. Wengine wana hali za kiafya zinazohitaji mtaalamu, na hao wapelekwe kwake. Wengine wamekaa watatu kwenye dawati la wawili tangu saa moja na nusu, hawajanywa uji, na hawatasimama mpaka mapumziko. Fimbo itamnyamazisha, hilo sina shaka. Ndama wa Wiepkema nao walikuwa kimya. Mimi nimeamua kwamba nikikutana naye nitaanza kwa kuuliza ametoka nyumbani saa ngapi na amekula nini, halafu nitalipa darasa lote sababu ya kusimama. Mwenzangu wa chumbani anasema nikipewa darasa la watoto 90 nitasahau haya yote kufikia Jumatano. Tutaona Jumatano hiyo.

Kuna jambo moja ambalo farasi wa wiki 20 wamenifanya nilisisitize nyumbani kuliko la ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe yule ana mimba, atazaa mwishoni mwa masika. Ndama wa maziwa kwetu hunyweshwa kwenye ndoo. Anamaliza maziwa haraka, kisha anabaki kunyonya masikio ya mwenzake, kamba, au kona ya hori, kwa sababu hamu ya kunyonya haimalizwi na maziwa yaliyoingia tumboni. Nimemwomba mama mdogo anunue chuchu ya mpira ya kunyonyeshea ndama, zinapatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo, na asimwachishe kwa siku moja. Tangu wiki ya kwanza awekewe kifungu kidogo cha majani makavu laini pembeni, hata kama anakichezea tu. Akanijibu kwamba chuchu ni hela, na mimi mwenye boom ndiye nitakayeinunua. Nimekubali. Nitaibeba kwenye begi nikirudi.